EITC: Mabango Hayajazi Ritani

Tangu mwaka 1975, sheria ya kodi ya Marekani ina nafuu maalumu kwa wanaofanya kazi kwa ujira mdogo, inayojulikana kwa kifupi kama EITC (Earned Income Tax Credit). Punguzo la kawaida huishia pale kodi inapofika sifuri. Hii hulipwa taslimu hata kwa mtu asiyedaiwa kodi ya mapato hata senti moja. Kwa mapato ya mwaka 2024, mfanyakazi mwenye watoto watatu au zaidi aliweza kupata hadi dola 7,830, mwenye mtoto mmoja hadi dola 4,213, na asiye na mtoto dola 632 tu. Pamoja na hayo, mamlaka ya kodi, IRS, yenyewe inakadiria kuwa takriban mtu 1 kati ya kila 5 wanaostahili haichukui.

Ili kuziba pengo hilo, kila Januari makanisa, maktaba, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya kijamii huanza kampeni: vipeperushi, ujumbe wa simu, matangazo ya redio. Je, kampeni hizo huleta watu wapya, au huwakumbusha wale ambao wangejaza ritani, yaani fomu ya mwaka ya kodi ya mapato, hata bila kuambiwa?

Wanaotilia shaka wana hoja nzito. Huko California, watafiti walifanya majaribio 6 yaliyogusa watu wapatao milioni moja, wakibadilisha maneno, muundo na hata jina la mtumaji wa ujumbe. Hawakuona dalili kwamba ujumbe ulimfanya mtu ajaze ritani au adai nafuu hiyo. Kwa upande wa pili, barua fupi za ukumbusho zilizowahi kutumwa na IRS ziliwafanya wengi wajibu. Lakini barua hizo ziliwaendea watu waliokwisha kujaza ritani na kuiacha tu EITC. Kazi yao ilikuwa kujaza karatasi moja na kuirudisha. Basi kwa yule ambaye hajajaza kabisa, kizuizi ni ritani yenyewe, wala si uchache wa taarifa.

Ndiyo maana kazi yenye matunda hufanyika mezani, kwenye vituo vya VITA, mpango wa IRS wa msaada wa kodi, ambako watu wa kujitolea waliofaulu mtihani wa IRS hujaza ritani bure. Mteja anatakiwa kuja na kitambulisho chenye picha, kadi za Social Security (hifadhi ya jamii) za kila atakayeandikwa, fomu zote za W-2 (taarifa ya mshahara kutoka kwa mwajiri) na 1099 (taarifa ya mapato mengine), namba ya benki na ya akaunti, na ritani ya mwaka uliopita akiwa nayo. Wanandoa wanaojaza pamoja kwa njia ya kielektroniki waje wote wawili, kwa sababu wote husaini. Mteja hujaza fomu 13614-C, huhojiwa, ritani huingizwa kwenye kompyuta, kisha mtu wa pili huikagua kabla haijatumwa. Kinachokwamisha mara nyingi ni kitu kidogo: kadi ya mtoto imesahaulika nyumbani, au W-2 ya kibarua cha wiki tatu haikuletwa kwa kudhaniwa haina maana. IRS tayari ina nakala ya W-2 hiyo, na hesabu zisipolingana rejesho, yaani fedha anazorudishiwa mteja, husimamishwa.

Suala la mtoto ndilo gumu kuliko yote. Ni lazima awe ameishi na mdai kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Wazazi waliotengana hukubaliana kupokezana haki ya kuwaandika watoto kwenye ritani kwa fomu 8332, wakaamini kuwa imemaliza kila kitu. Fomu hiyo huhamisha nafuu nyingine, ile ya mtoto (Child Tax Credit). EITC haihami, hubaki kwa mzazi anayeishi na mtoto. Bibi anayelea wajukuu anaweza kustahili, ila aweke mapema barua ya shule au kliniki yenye jina la mtoto, anwani na tarehe. Barua ya ukaguzi ikifika, hiyo ndiyo silaha yake.

Hapo wapinzani wanapata hoja yao ya pili: makosa. Makadirio ya serikali katika miaka ya karibuni yameweka malipo yasiyo sahihi ya EITC kati ya robo na theluthi ya malipo yake yote. Anayedai kwa kupuuza kanuni hufungiwa miaka 2. Kwa udanganyifu, miaka 10. Kampeni inayohimiza tu bila kuweka mtu wa kuhoji humwingiza maskini hatarini. Tena bango lisilo na namba ya kupanga miadi hupeleka wateja kwa wajazaji wa kulipwa, ambao sheria ya shirikisho haiwadai leseni wala mtihani, na wengi hukata ada yao ndani ya rejesho. Na kwa kuwa marejesho yenye EITC hayatoki kabla ya katikati ya Februari, mkopo wa kusubiria huuzwa hapo hapo.

Wengine husema dawa ni serikali kujaza yenyewe. Hatua iliyokaribia hapo ni Direct File, mfumo wa bure wa IRS wa kujijazia ritani mtandaoni: ulijaribiwa mwaka 2024 katika majimbo 12, ukafika 25 mwaka 2025, kisha ukasitishwa. Ila hata mfumo bora unajua mshahara. Haujui mtoto alilala wapi. Ungemfaa zaidi mwenye W-2 pekee asiye na mtoto, yaani yule anayepata kiasi kidogo kuliko wote.

Kwa maoni yetu, fedha za mabango zihamishiwe kwenye viti na wahojaji, na swali la kwanza liwe: mwaka jana ulijaza? Anayejibu hapana huwa na sababu. Dereva wa kujitegemea mwenye faida ya dola 400 au zaidi anaogopa kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, na wakati mwingine ana haki ya kuogopa. Apigiwe hesabu kabla ya kuahidiwa rejesho. Mwingine anahofia kupoteza msaada wa chakula, wakati rejesho la shirikisho halihesabiwi kuwa kipato, wala akiba kwa miezi 12, katika mipango ya shirikisho.

Rejesho la zamani linaweza kudaiwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya mwisho ya kujaza, na W-2 zilizopotea si mwisho wa safari: fomu 4506-T huomba kumbukumbu za mishahara kutoka IRS. Tatizo ni kwamba vituo vingi hufungwa baada ya Aprili, wakati ambapo foleni imekwisha na mhojaji angekuwa na saa nzima ya kushughulikia ritani za miaka mitatu za mtu mmoja.