Tupunguzieni Kikohozi, Tupeni Shairi Zima

Mwigizaji mmoja, meza, kiti, kalamu ya unyoya na sanduku linaloenea nyuma ya gari dogo: kwa vitu hivyo tu, watu wa jukwaa nchini Uingereza huwaigiza na kuwatembeza washairi Keats, Byron, Coleridge na wenzao wa kizazi cha ulimbwende (Romanticism), cha miaka kama mia mbili iliyopita, katika kumbi za vijiji, maktaba, makanisa na vile vyumba vyembamba vya tamasha la sanaa la Fringe la Edinburgh, lililoanza mwaka 1947. Faida yake kifedha haihitaji maelezo marefu. Anayelipwa ni mmoja, chumba cha kulala ni kimoja, na washairi wenyewe wamekufa siku nyingi kiasi kwamba mashairi yao hayadaiwi ada ya haki miliki. Mimi ni mpenzi wa maonyesho haya, kwa sababu mji mdogo ambao hautafikiwa kamwe na kundi la waigizaji ishirini unaweza kumpata mmoja aliye hodari. Ninacholalamikia ni namna mengi kati yake yanavyoitumia ile saa moja yaliyopewa: hadhira husimuliwa maisha ya mshairi tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, huku mashairi yakikatwa vipande vya mistari minne minne na kupachikwa hapa na pale kama nakshi za mlangoni.

Anayeumia zaidi kwa mtindo huu ni John Keats. Alizaliwa mwaka 1795, akafa kwa kifua kikuu mjini Roma mwezi Februari 1821 akiwa na umri wa miaka 25, katika nyumba iliyo kando ya Piazza di Spagna, rafiki yake mchoraji Joseph Severn akimuuguza. Kifo hicho kinatia simanzi, na waigizaji hushindwa kukiacha kisubiri zamu yake. Katika onyesho moja nililohudhuria, mwigizaji alianza kukohoa kabla hatujatulia vitini, na kitambaa chenye doa jekundu kikawa kinatoka mfukoni kila mazungumzo yalipolegea, hata mama mmoja aliyeketi karibu nami akaanza kupekua mkoba wake akitafuta peremende za koo. Simulizi aliyoiacha Charles Brown, rafiki aliyekuwa akiishi naye Hampstead, London, inatisha kuliko vitambaa vyote hivyo. Usiku wa tarehe 3 Februari 1820, Keats alirudi nyumbani akiwa amesafiri juu ya gari la farasi, nje kwenye baridi. Alipopanda kitandani akakohoa kidogo, likatoka tone moja la damu, naye akaomba aletewe mshumaa alitazame. Alikuwa amejifunza utabibu katika Hospitali ya Guy's na kupata leseni mwaka 1816, kwa hiyo alichokiona kwenye shuka hakikuhitaji kutafsiriwa na daktari mwingine: alisema rangi ile ni ya damu ya ateri, yaani mshipa unaotoka moyoni, na kwamba tone lile ndiyo hati ya kifo chake. Mwigizaji aliyeielewa picha hiyo atakohoa mara moja tu katika onyesho zima, na ukumbi mzima utanyamaza.

Katika onyesho hilohilo, lile shairi maarufu la Keats kwa ndege aimbaye usiku, lenye beti nane za mistari kumi kumi, lilisomwa ubeti wa kwanza na wa mwisho peke yake. Mistari 80 haimalizi hata dakika saba. Muda uliookolewa ulitumika kwa maungamo ya mapenzi kwa mchumba wake, Fanny Brawne, ambayo mengine yalikuwa ya mtunzi wa mchezo na wala si ya Keats, ingawa barua alizomwandikia binti huyo zimehifadhiwa na zina makali ya kutosha.

Najua utetezi unaotolewa. Husemwa kwamba watu wa leo hawayajui mashairi hayo, na kwamba maisha ya mshairi ndiyo mlango wa kuwaingizia. Ningekubaliana na hoja hiyo kama wageni wangefikishwa sebuleni. Mara nyingi huachwa barazani, wakaenda zao wakijua ni nani alimpenda nani na nani alizama baharini, bila kuwa wamesikia shairi hata moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Isitoshe, tunazo habari za jinsi washairi hawa walivyokuwa wakiyasema mashairi yao, nazo ni hazina kwa mwigizaji. Mwandishi wa insha William Hazlitt, aliyewatembelea Coleridge na mshairi mwenzake Wordsworth huko Somerset mwaka 1798 akiwa kijana, aliandika miaka 25 baadaye kwamba wote wawili walikuwa wakighani, na kwamba mahadhi yao yalimroga msikilizaji. Mahadhi ya Coleridge yalipanda na kushuka kwa uchangamfu zaidi. Ya Wordsworth yalikwenda kwa utulivu na mwendo mmoja. Hazlitt anasema pia kwamba Coleridge alipenda kutunga akitembea penye mabonde na vilima au akipenya kwenye matawi ya vichaka, ilhali Wordsworth alipenda kwenda na kurudi kwenye njia iliyonyooka ya changarawe. Keats naye, alipokutana na Wordsworth London mnamo Desemba 1817, alimsomea wimbo wake wa kumsifu Pan, mungu wa Wagiriki wa kale, kwa sauti ya nusu kughani huku akipita huku na huku chumbani. Mchoraji Haydon alimsikia akilisema lile shairi la ndege katika malisho ya Kilburn, kwa sauti ya chini yenye kutetemeka.

Basi kuna mahadhi na kuna miguu. Lakini mwigizaji wetu huketi kitini, akashika unyoya, akayasema mashairi kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani, akivifunika vina kana kwamba anavionea haya. Sisi tuliokulia mahali ambapo utenzi hughaniwa, na mghani akitegemea koo lake peke yake, hatuoni kwa nini vina vifichwe. Sisemi Mwingereza aghani Kiswahili. Nasema aghani kama Coleridge.

Coleridge mwenyewe amewarahisishia kazi. Shairi lake la baharia mzee, lililotoka mwaka 1798, tayari ni mchezo wa mtu mmoja: mzee anamzuia mgeni mlangoni pa arusi, anamkazia jicho, na mgeni hawezi kuondoka hadi kisa kiishe. Lina mistari zaidi ya 600, na mwigizaji Fiona Shaw alilibeba zima jukwaani London mwaka 2013, akisaidiwa na mcheza ngoma mmoja. Mwaka huohuo, mjini Manchester, mwigizaji Maxine Peake alisimama katika ukumbi wa Albert Hall na kulisema shairi ambalo mshairi Shelley alilitunga akiwa Italia baada ya mauaji ya Peterloo ya tarehe 16 Agosti 1819, pale askari wa farasi walipouvamia umati uliodai haki ya kupiga kura, karibu na ukumbi huohuo. Hakuna aliyethubutu kulichapisha shairi hilo hadi 1832, miaka kumi baada ya Shelley kufa maji. Peake hakujifanya Shelley. Alilisema shairi kama shauri linalowahusu watu waliokuwa mbele yake, na hakuna nywele za bandia ambazo zingeongeza chochote.

Mshairi ninayetamani aigizwe zaidi ni John Clare, mtoto wa kibarua wa kijiji cha Helpston, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1793. Mwezi Julai 1841 alitoroka katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko High Beach, Essex, akatembea kwa miguu maili 80 na zaidi kurudi kwao, akitumaini kumkuta Mary Joyce, msichana aliyempenda tangu utotoni, ambaye alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Aliandika habari za safari hiyo mwenyewe: jinsi alivyolala kichwa kikielekea kaskazini ili asubuhi ajue njia, jinsi alivyokula majani ya kando ya barabara, akaona yana ladha kama ya mkate, jinsi mkewe Patty alivyokuja kumpokea na gari naye asimtambue. Katika miaka hiyohiyo alijiita Byron, akaandika mashairi yenye majina ya tungo za Byron. Mwigizaji anapewa mtu anayetembea, anayesema peke yake, na anayejigeuza mwingine, tena hahitaji kutungiwa neno hata moja.

Byron mwenyewe huwaponza waigizaji. Kumbukumbu alizoandika zilichomwa moto tarehe 17 Mei 1824 nyumbani kwa mchapishaji wake John Murray, mtaa wa Albemarle, London, mwezi mmoja tu baada ya kifo chake Missolonghi, Ugiriki, na watunzi wa michezo huona pengo hilo kuwa ruhusa ya kumtungia siri. Ningewaomba washike sehemu ya kwanza ya Don Juan, shairi lake refu, ya mwaka 1819, wachague beti hamsini mfululizo. Humo msimulizi anapiga soga, anajikatiza, anasahau kisa, anawatania wasikilizaji wake, na kila ubeti wa mistari minane unafungwa na miwili yenye kina kimoja, ambayo mara nyingi ndiyo inayobeba mzaha. Anayejua kuitua hiyo miwili kwa wakati wake hana haja ya kuchechemea kama Byron wala kufungua vifungo vya shati.