Acheni kutuambia "wenzenu" wako serikalini

Mjomba wangu wa Mombasa hajawahi kukanyaga Uingereza, lakini siasa za huku anazijua kunishinda mimi ninayekatwa kodi. Juzi nililalamika kwenye grupu la familia kuhusu masharti mapya ya ukaazi, akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, nyinyi mna nongwa. Waziri Mkuu mlishapata mtoto wa watu wa huku huku kwetu, mawaziri weusi na Wahindi tele, na bado mwasema Waingereza wabaguzi?"

Nikaandika "sawa mjomba", kwa adabu. Adabu imeishia hapo.

Hiyo "huku kwetu" kwanza. Baba yake Rishi Sunak, huyo Waziri Mkuu wa zamani, alizaliwa Kenya, mama yake Tanganyika. Kwa mawaziri wa zamani wa Mambo ya Ndani, baba yake Suella Braverman alitoka Nairobi, wazazi wa Priti Patel Uganda. Yote kweli. Lakini walipokuwa na maduka Biashara Street tuliwaita Wahindi na tukahesabu siku waondoke. Watoto wao walipofika Downing Street ndipo wakawa wenzetu. Undugu wa msimu huu, kama maembe.

Na waliondokaje? Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wasio raia. Wahindi wengi walikuwa na pasi za Uingereza, halali kabisa, zilizotolewa na serikali ya Uingereza yenyewe. Wakapanda ndege. London ikashikwa na kiwewe. Serikali ya Harold Wilson, ya chama cha Labour, na James Callaghan akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ikaupitisha muswada mbio mbio ndani ya siku chache, na tarehe 1 Machi 1968 ukawa sheria: kuwa na pasi hakutoshi, lazima wewe, mzazi wako au babu yako awe amezaliwa au kuandikishwa Uingereza. Hakuna mahali palipoandikwa "mzungu". Hapakuwa na haja. Waliobaki wakapangiwa vocha za kuingia nchini, 1,500 kwa mwaka.

Baba yake Braverman, kwa maelezo ya binti mwenyewe, alitua Heathrow Februari 1968. Februari! Angechelewa wiki chache angekuwa kwenye foleni ya vocha, na binti asingezaliwa Mwingereza wa kuja kutuhutubia. Binti huyo ndiye aliyesema mwaka 2022, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kwamba ndoto yake ni kuona gazeti lenye picha ya ndege ikiruka na waomba hifadhi kuelekea Rwanda. Mkataba wa Rwanda wenyewe ulitiwa saini Kigali na Patel, yule yule aliyekiri redioni mwaka 2020 kwamba kwa masharti yake mapya huenda hata wazazi wake wasingeruhusiwa kuingia. Alikiri, kisha akaendelea na kazi.

Sunak ndiye aliyeniuma zaidi, maana yule nilimwamini kidogo. Alipowania uongozi mwaka 2022 alitoa video ya bibi yake aliyeuza dhahabu za harusi akanunua tiketi ya kwenda tu. Bibi akapata kazi ya vitabu vya hesabu Leicester, akadunduliza mwaka mzima ndipo mume na watoto wakamfuata. Hadithi nzuri, machozi yalinilenga. Miaka miwili haijaisha, serikali yake ikapandisha kipato cha kumleta mume au mke kutoka pauni 18,600 hadi 29,000, na wanaokuja kulea wazee wakakatazwa kuja na watoto wao. Bibi yule angeishia dirisha la viza na bangili zake mkononi.

Kwa hiyo, mjomba, Waingereza wamebadilika, ndiyo. Siku hizi hawakuulizi sana rangi yako, wanakuuliza umefika lini. Aliyefika mapema anapewa kiti mbele, na kiti hicho ndicho ushahidi kwamba kumfungia aliyechelewa si ubaguzi. Callaghan ilibidi ajitetee. Braverman alikuwa anaonyesha picha ya baba yake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna jambo kubwa limetokea hapa. Mwaka 1968 mbunge Enoch Powell alisimama Birmingham akatabiri damu kwa sababu ya wahamiaji. Leo mbunge wa Birmingham Ladywood ni Shabana Mahmood, mwanamke Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Kashmir, na tangu Septemba 2025 ndiye Waziri wa Mambo ya Ndani. Sisi je? Kenya iliwapa Wahindi heshima ya kuitwa kabila la 44 mwaka 2017, tukaona tumemaliza fadhila zote. Urais? Usinichekeshe.

Bendera za Uingereza zilizotundikwa kwenye nguzo za taa kiangazi cha 2025 sina neno nazo. Jirani yangu kaitundika na tunasalimiana vizuri. Nigel Farage naye, kiongozi wa Reform UK, chama kinachopinga uhamiaji, alipata viti 5 tu vya Bunge mwaka 2024, lakini ukisikiliza hotuba za vyama vikubwa utadhani anawaandikia yeye.

Turudi kwa Mahmood. Tarehe 17 Novemba 2025 alisema Bungeni kwamba mpaka leo anatukanwa kwa asili yake na kuambiwa arudi kwao. Nilimwonea huruma, na si kwa kejeli. Siku tatu baadaye akarudi palepale na mapendekezo yake: ukaazi wa kudumu usubiriwe miaka 10 badala ya 5, na kwa walezi wa wazee 15.

Binamu yangu ni mlezi wa wazee. Aliingia akijua ni miaka 5. Alitazama kipande cha hotuba kwenye mapumziko ya zamu ya usiku, akaniandikia: "Huyu naye wanamwambia arudi kwao?"

Nikamjibu ndiyo, hata wiki hii.