Bastola Kiunoni Kutwa Nzima

Mabishano kuhusu kubeba bastola ya siri kazini huanzia kwenye dakika ileile: jambazi kaingia, mfanyakazi kachomoa, wote wamepona. Mimi dakika hiyo hainikoseshi usingizi. Zinazonikosesha ni saa zote nyingine za zamu, ambazo hakuna kinachotokea na bastola ipo tu.

Ukienda msalani unaiweka wapi? Msicheke. Mwaka 2015 ilibainika kwamba askari wanaolinda Bunge la Marekani walikuwa wamesahau bastola zao vyooni, na mojawapo iliokotwa na mtoto. Hao ni watu ambao silaha ndiyo kazi yao. Sembuse mhasibu.

Wamarekani wengi wanaobeba hujibu kwa katiba yao, inayolinda haki ya raia kuwa na silaha na kuibeba. Ni kweli, Juni 2022 Mahakama ya Juu ya huko iliitangua sheria ya New York iliyomtaka mwombaji athibitishe kuwa ana sababu mahususi ya kubeba. Lakini katiba hiyo inaifunga mikono serikali, si mwajiri binafsi. Bosi akikataza silaha ndani, aliyeingia nayo anaweza kufukuzwa hata kama leseni yake ni halali. Majimbo kadhaa, Florida likiwamo tangu 2008, yamekuja na njia ya kati: iache ndani ya gari lililofungwa, kwenye maegesho. Naona hiyo ndiyo mbovu kuliko zote. Jambazi akija, bastola iko mbali. Mwizi wa magari akija, iko peke yake.

Halafu kuna suala la muda. Mwaka 1983 mkufunzi wa polisi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu huvuka futi 21, kama mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi, karibu sawa na muda anaohitaji mtu aliyefunzwa kuchomoa na kufyatua. Huyo ni wa bastola iliyo wazi kiunoni. Ya siri iko chini ya shati, na mwenyewe ameinama anatafuta chenji.

Hata hivyo siwezi kumcheka muuzaji wa usiku aliyeachwa peke yake na droo ya pesa, wala mwanamke ambaye mume aliyeachana naye anajua mlango anaotokea na saa anayotoka. Hofu yao si ya kutunga. Mmoja wao akiwa ameshaamua, ningemsihi asiiweke kwenye mkoba. Desemba 2014, dukani huko Hayden, Idaho, mtoto wa miaka miwili aliingiza mkono kwenye mkoba wa mama yake, bastola ikafyatuka, mama akafa. Ikae mwilini, ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio, na isiwe hadithi ya wakati wa chai. (Bastola inayojulikana na ofisi nzima haijafichwa, imetangazwa.)

Lililobaki namwambia bosi. Kioo cha kaunta, kasha la pesa linalofunguka kwa saa maalumu, mfanyakazi wa pili usiku: gharama hizo ni zako. Ukimwacha mtu wa mshahara mdogo ajinunulie ulinzi, umemtwika kazi ya askari bila malipo, na siku risasi yake itakapompata mteja utasema hukumtuma.