Kiha cha kuchekesha: nani anachagua tunavyoonekana?

Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, mkoani Kigoma, na tangu hapo mji ule umekuwa ukisimuliwa kwa ajili ya wazungu wawili waliosalimiana. Wenyeji wenyewe ni kama hawakuwepo. Kwa hiyo kijana wa Mwandiga au Kasulu anapojirekodi kwa simu akiigiza ugomvi wa shangazi na muuza migebuka, samaki wa ziwani, kisha akaiweka klipu mtandaoni, mimi siungani na wanaosema anapoteza muda. Safari hii msimulizi ni wa hapa hapa.

Tena anasimulia kwa Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma. Shuleni ni Kiswahili na Kiingereza, redioni Kiswahili. Ukishatoka nyumbani na sokoni, Kiha hakikuwa na jukwaa. Leo Muha aliyezaliwa Dar es Salaam, bibi yake akiwa Kibondo, anakisikia kwenye simu yake.

Ila angalia kinachosambaa. Aghalabu ni vichekesho, na ndani yake Muha ni mshamba mwenye lafudhi nzito au mtu wa ndumba. Klipu ya uchawi ikipata watazamaji kuliko ya jana, kesho utaletewa uchawi tena, na mwenye klipu akizoea ataanza kujitambulisha hivyo hata pasipo kamera. Watasema utani ni jadi yetu. Ni kweli, lakini mtani wa msibani mnajuana, naye anajua aishie wapi.

Kwa Muha utani huu una gharama yake. Kiha na Kirundi vinasikilizana, mkoa umepokea wakimbizi wa Burundi kwa miongo mingi, na kuitwa Mrundi si mzaha kwa mtu anayehangaikia kitambulisho cha taifa. Kijana anayeandikiwa hivyo kwenye komenti ama ataficha lafudhi, ama ataizidisha ili kicheko kiwe chake. Wengi ninaowaona wanaizidisha, na siwalaumu.

Kuwanyamazisha sikubaliani nako. Visa vingine vipo tele. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Mitumbwi imepandishwa ufukweni, deni la nyavu linadai, baba anashinda nyumbani akikosoa mboga: vijana wa Kibirizi wanaweza kuyasimulia hayo kuliko mwandishi yeyote wa kutoka Dar, kwa Kiha, na kwa kuchekesha wakitaka. Je, tutaisambaza klipu hiyo kwa kasi ile ile tunayosambazia ya uchawi? Hapo ndipo nina wasiwasi nasi watazamaji kuliko nao.