Picha Saizi ya Kiberiti

"Kaka, kadogo hivi ndiyo laki na nusu? Na ile kubwa pale je?"

Ile kubwa ilikuwa picha ya mwenzangu ya mtindo wa Tingatinga, twiga watatu na mbuyu, elfu sitini. Yangu ilikuwa na upana wa sentimita saba na urefu wa tisa, tandala dume anakunywa maji. Mama yule aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, akairudisha mezani taratibu. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anapiga hesabu ambayo wote tunaipiga kwenye kitenge, kwenye mbao na kwenye kiwanja, kwamba kubwa ni ghali na ndogo ni rahisi. Nikataka kumweleza, lakini daladala yake ya Kihesa, hapa Iringa, ilikuwa inajaa.

Basi naeleza hapa.

Picha ile ilinichukua siku tisa za mkono. Siku tisa hizo hata sizihesabu sana. Kilicho ghali ni kumtazama mnyama, na hicho hakuna anayekiona mezani.

Miaka michache nyuma nilichora tandala mkubwa nikampa mistari 13 ubavuni. Nilikuwa nimeangalizia picha mbili nilizopiga kwa simu, gari likitikisika, na kumbe moja ilikuwa ya tandala mdogo. Sikujua. Nikaiweka fremu, nikaitundika, nikajisifu. Akapita mzee mmoja, askari wa wanyamapori mstaafu ambaye siku hizi anauza asali.

"Kamwene."

"Kamwene, mzee."

Akainama, akavaa miwani, akasogeza pua karibu na kioo. Akahesabu kwa ncha ya kidole. "Kijana wangu, huyu baba yake tandala mkubwa, mama yake tandala mdogo?"

Akanifundisha palepale, amesimama. Tandala mkubwa dume ana ndevu zinazoning'inia kooni, na mistari yake ni michache, mara nyingi 6 hadi 10. Tandala mdogo ana mistari mingi zaidi, kuanzia 11 na kuendelea, hana ndevu, na shingoni ana mabaka mawili meupe. Hifadhi yetu ya Ruaha ina bahati ya kuwa nao wote wawili. Mimi niliyekulia hapahapa nilikuwa nimewaozesha.

Rangi ya maji haina msamaha. Ukikosea huwezi kupaka nyingine juu ikafunika. Nilimpa mtoto karatasi ile achezee.

Nisieleweke vibaya kuhusu Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa kusini, mzaliwa wa Tunduru, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alipoanza kuchora kwenye vibao kwa rangi ya kupakia baiskeli alifungua mlango ambao mimi na wenzangu wote tumepitia. Twiga wake anaweza kuwa na madoa ya bluu na hakuna wa kumuuliza, maana anaishi kichwani mwa mchoraji. Tandala wangu anaishi ng'ambo ya kijiji cha Tungamalenga, kule Ruaha, na kuna mzee wa asali anayemjua.

Kazi hii ya picha ndogo haikuanzia Ulaya peke yake. Mwaka 1621 mfalme Jahangir wa India aliletewa punda milia kutoka Uhabeshi. Watu pale ikulu hawakuamini macho yao. Wengine walidhani mnyama amepakwa rangi, mpaka alipokaguliwa vizuri ikathibitika kwamba mistari ni yake ya kuzaliwa. Mchoraji wa mfalme, Mansur, akamchora kwenye karatasi ndogo, mstari kwa mstari, hadi ile myembamba ya usoni. Namfikiria yule bwana kila ninapochoka. Mnyama wetu, amevushwa bahari, amesimama ugenini, na mtu mmoja tu katika umati ule analipwa ili amtazame.

Mimi silipwi kutazama. Kutoka Iringa mjini hadi Ruaha ni kama kilomita 130, na kiingilio cha Mtanzania hakiumizi. Kinachoumiza ni gari. Hivyo napanda na watalii, nakaa kiti cha nyuma, kwa hisani ya dereva ninayefahamiana naye. Watalii wanataka simba. Tukimkuta tandala wanapiga picha tatu, dakika mbili, halafu naona shingo ya dereva inageuka: "Vipi, tusogee?" Dakika mbili, na mimi nilikuwa bado kwenye sikio. Sikio la tandala, ukilitazama vizuri, ndani lina rangi ya waridi pale jua linapopenya, na halitulii hata mara moja.

Kiangazi ndiyo msimu wangu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kabisa miezi ya ukame, maji yanabaki kwenye madimbwi, na wanyama hulazimika kukusanyika hapo. Wanasimama muda mrefu. Kwa mchoraji ni neema, na najionea haya kuifurahia neema ya namna hiyo.

Nyumbani napigana na dirisha. Vitabu vya Wazungu vinasema mchoraji atafute dirisha la kaskazini ili jua lisimwingilie. Kwetu kusini mwa ikweta ushauri huo unageuka, kwa hiyo chumba changu kinatazama kusini, na Juni hadi Julai mwanga wake ni mtulivu hata baridi ya Iringa unaisamehe. Ila sisi tuko karibu mno na ikweta. Kuanzia kama katikati ya Oktoba hadi Februari jua la mchana linakuwa limehamia kusini kwetu, linapita palepale dirishani, nami natundika shuka jeupe. Upepo nao ukianza, rangi inakaukia kwenye brashi kabla haijagusa karatasi. Kazi inakuwa ya saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, basi.

Na hapana, sichori kwa unywele mmoja. Hilo naulizwa kila maonyesho. Unywele mmoja haubebi rangi ya kutosha hata kitone kimoja. Brashi nzuri ina tumbo na ina ncha; tumbo linatunza maji, ncha ndiyo inachora. Zilizo bora hutengenezwa kwa manyoya ya mkia wa mnyama wa Siberia, wa ukoo mmoja na kicheche. Moja yangu niliiacha imesimama kwenye glasi ya maji usiku kucha, ncha ikapinda kama ndoano. Sipendi kuongelea bei yake.

Kuna jambo moja la kazi hii linalonikera. Wazungu huziita picha hizi miniacha, na wengi hudhani maana yake ni udogo. Jina linatokana na minium, rangi nyekundu ya madini ya risasi iliyotumika kupambia vitabu vya kale. Hilo halina neno. Neno ni kwamba kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1700 wachoraji wa Ulaya walipenda kuchora sura za watu juu ya vipande vya pembe za ndovu, vilivyochanwa vyembamba hadi mwanga unapenya, kwa sababu ngozi ya mtu ilionekana kama inapumua. Ni kweli zinapendeza. Nimeziona kwenye skrini nikakaa kimya. Halafu nikakumbuka Ruaha ya mwanzoni mwa miaka ya 2010, jinsi majangili walivyowamaliza tembo wetu, wakati biashara ya kimataifa ya pembe ilishapigwa marufuku tangu makubaliano ya mwaka 1989 ya nchi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori. Natumia karatasi ya pamba. Ngozi ya tembo wangu haipumui sana, lakini ana pembe zake zote mbili.

Sasa soko. Hoteli moja iliniagiza picha ndogo 20, elfu thelathini kila moja, zote simba na nyuma yake Mlima Kilimanjaro.

"Bosi, hapa ni Iringa."

"Wageni wanaujua Kilimanjaro."

Nilichora zote 20. Kodi ya nyumba haisubiri maoni yangu. Na ziliisha zote, siwezi kudanganya. Lakini siku hizo sikutazama kitu. Mkono ulikuwa unakimbia wenyewe kama wa fundi cherehani anayeshona sare za shule. Simba wa kumi na simba wa kumi na tisa ni mtu mmoja.

Wakati huohuo huku kwetu kuna wanyama ambao dunia imewajua juzi. Kipunji, yule nyani mwenye kishungi na uso mweusi, wanasayansi walimgundua Rungwe mwaka 2003, ingawa wenyeji walikuwa na jina lake siku zote, na ndilo alilopewa hadi leo. Hondohondo wa Ruaha, mwenye ngozi nyeusi kuzunguka jicho, aliandikwa kuwa spishi ya pekee mwaka 2002. Kabla ya hapo alikuwa mbele ya macho ya kila mtu, akichukuliwa kuwa ni yuleyule wa kwingine. Ngozi kidogo tu kuzunguka jicho! Ukimchora kwenye karatasi ya mita moja kwa haraka utaipita.

Ninayempenda kuliko wote ni kwale wa milima ya Udzungwa. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini katika msitu wa Ndundulu, wakaona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemfahamu. Chakula. Kutokana na miguu ile wakaanza kumtafuta mwenyewe, na akapatikana ndege ambaye jamaa zake wa karibu wanadhaniwa kuwa wako Asia. Wapishi ndio walikuwa wameshamshika mkononi, wamemnyonyoa.

Nimeanza kumchora mwezi uliopita, sentimita sita kwa nane. Siwezi kunakili picha za watafiti. Ni mali yao, na mimi mwenyewe ningekasirika. Kwa hiyo nasoma maelezo na natafuta namna ya kufika kule juu kwa miguu, kupitia Kilolo, mvua zikikatika. Kichwa kipo, uso wa rangi ya kutu, mdomo mwekundu. Kifua cha kijivu chenye madoa meusi nimekiweka kwa vitone kwa asubuhi nne. Miguu bado nimeiacha nyeupe. Maelezo yanasema ni ya njano, lakini nikiweka mbele yangu embe bivu, ganda la ndizi na kiini cha yai la kienyeji, naona njano tatu.