Grainda ya zamani: umri si tatizo, tazama kilichong'olewa

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya grainda ya mezani ya Uingereza, yaani mashine ya umeme ya kunolea, ya mawe ya inchi 8, rangi ya kijani imebanduka lakini kibati cha mtengenezaji kingali kinasomeka. Muuzaji aliitaka bei inayokaribia ya mpya dukani. Rafiki yangu, seremala kama mimi, alinivuta mkono: kitu kinachozunguka kwa kasi ile usikinunue bila kujua aliyekitumia alikitendeaje. Nimeitafakari hoja yake, na nusu yake naikubali.

Mashine hizi zina sifa ya kweli. Mwili wake ni chuma cha kusubu, mzito, na uzito huo ndio unaomeza mtikisiko. Grainda nyingi mpya za bei rahisi hutetemeka mpaka zinahama mezani zenyewe, na patasi unayoinoa hapo hutoka na makali yenye mawimbi. Ya zamani hailegei ukiegemeza chuma, na kila kitu ndani yake kinafunguka. Koili ikiungua, fundi wa kusuka mota ataisuka. Ile ndogo mpya ikiungua, watu wengi huitupa tu.

Umeme ndio unaonitia shaka. Mpira wa waya wa miaka mingi hukauka, ukiukunja unapasuka, na mara nyingi waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ulishakatwa. Mwili mzima ukiwa chuma, hapo unacheza na roho yako. Waya na swichi nitabadilisha siku hiyohiyo, si gharama kubwa. Ikiwa ni ya fezi tatu na nyumbani una fezi moja, achana nayo. Ya Marekani ya volti 115 inahitaji transfoma, na transfoma haigeuzi hezi 50 (mapigo ya umeme kwa sekunde) za umeme wetu kuwa 60: mota itazunguka polepole na kupata joto kuliko ilivyokusudiwa.

Sasa jiwe. Mota ya hapa kwetu huzunguka kama mara 2,850 kwa dakika, na kwa jiwe la inchi 8 ukingo unapita kasi ya kilomita 100 kwa saa. Jiwe lenye ufa likipasuka kwa kasi hiyo, linakuja usoni. Mafundi hulitundika jiwe kidoleni na kuligonga kwa mpini wa mbao: zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa mlio mfu, kama gae. Kipimo ni kizuri, ila hata likilia vizuri mimi sitalitumia jiwe la mtu mwingine. Nanunua jipya, nasoma kasi iliyoandikwa ubavuni, isiwe chini ya kasi ya mota.

Basi nikamwomba muuzaji tuyatoe mawe. Nati ya kushoto ilimsumbua, akawa anaikaza badala ya kuifungua, maana upande ule uzi wake ni wa kinyume. Nilipoizungusha shafti kwa kidole ilikwenda kimya, haichezi juu wala chini. Beringi nzima. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu pesa.

Ndipo nikaona kava ya kushoto, kifuniko cha chuma kinacholizunguka jiwe, haipo. Kuna mtu aliing'oa, labda afunge jiwe kubwa zaidi. Hapo ndipo rafiki yangu ana haki yote. Waya utanunua, beringi utanunua, jiwe utanunua, ila kava ya mashine ya zamani kiasi hicho huipati dukani, na bati la kukunja halizuii vipande vya jiwe. Kiegemeo, pale unapoegemeza patasi, nacho hukaa hapo hapo kwenye kava, na chenyewe kinatakiwa kuwa milimita 3 tu kutoka kwenye jiwe, la sivyo patasi huvutwa ndani na vidole hufuata.

Muuzaji alipekua kreti mbili za vyuma, hakuiona. Nilimwachia namba yangu. Kava ikipatikana, narudi na pesa.