Mifumo miwili katika kompyuta moja: inamfaa nani?

Tangu Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta za mtumba Arusha na Moshi, ambazo baadhi hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0 inayodaiwa na Windows 11, wamebaki na swali: je, waweke Linux, mfumo endeshi wa bure, pembeni ya Windows waliyonayo, wachague mmoja kila wanapowasha?

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Mtafiti wa vinasaba katika Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, hukuta kwamba programu nyingi za kazi yake zimeandikwa kwa ajili ya Linux, ilhali Tally, programu ya hesabu za duka la nyumbani, inataka Windows. VirtualBox ingemwezesha kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine, lakini kwenye RAM ya GB 4 mifumo hiyo hugombea kumbukumbu hadi mashine ikakwama. Inapowashwa kwa zamu, kila mmoja hupata mashine nzima.

Upande wa pili, hatari kubwa ipo katika kugawa diski ili Linux ipate nafasi. Umeme ukikatika sehemu ya Windows inapopunguzwa, mafaili yanaweza kupotea, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, haina utetezi wowote. Aliyefungiwa diski kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoficha data kwa msimbo, naye anaweza kudaiwa ufunguo wa tarakimu 48 ambao pengine hajawahi kuuona. Kisha kuna kero ya saa: Windows huichukulia saa ya mashine kuwa ya hapa nchini, Linux huichukulia kuwa ya UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, hivyo anayetoka Linux saa nne asubuhi na kuingia Windows anaweza kuambiwa ni saa moja. Amri moja upande wa Linux hutatua hilo, ila karani asiyeijua atakuwa ameshaandika stakabadhi zenye saa isiyo sahihi.

Kwa sababu hiyo, kompyuta ya ofisi inayoshikwa na watu kadhaa ningeiachia mfumo mmoja. Mwenye mashine yake binafsi ningemshauri aendelee, baada ya kuhifadhi nakala nje ya mashine. Nafasi ya diski ya pili ikiwepo, SSD (diski ya kasi) ndogo ya Linux peke yake humwepusha na kugawa chochote. Na kama Windows yake ni ile ya 10 isiyopata tena masahihisho ya usalama, ibaki na Tally bila intaneti, barua pepe na benki vihamie Linux.